Mama Alipotugeuza Wafanyabiashara

Bosi wetu alipenda tumwite Mama. Alikuwa na kiwanda cha kufungasha parachichi nje kidogo ya jiji la Mbeya, upande wa barabara ya Tukuyu, na mimi nilikuwa mkaguzi kwenye mkanda wa pili. Nilisimama mwisho wa mkanda nikitafuta tunda lililochubuka, lililoungua jua au lililong'oka kikonyo, nikalitoa kabla halijaingia kwenye boksi la kwenda nje ya nchi. Kazi hiyo niliifanya misimu mingi, na niliipenda. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo wanaonisikia nikisimulia haya wakadhani nilikuwa mvivu mwenye kinyongo.

Mwanzoni mwa msimu mmoja Mama alituita wote kwenye banda la chakula. Tulikuta soda na keki, vitu ambavyo hatukuwahi kuvikuta pale hata sikukuu ya Krismasi. Pembeni yake alikuwepo mwanaume mwenye suti ya kijivu, aliyepangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. Tuliambiwa ni mshauri wa mambo ya kodi, ametoka Dar es Salaam.

"Wanangu," Mama alianza, mikono kifuani. "Nimekaa nikawaza, nikasali. Nimeona siyo haki nyie kuwa watumishi wa mtu maisha yenu yote. Kuanzia msimu huu hapa hakuna mwajiriwa. Kila mmoja wenu ni mfanyabiashara, mtoa huduma anayejitegemea. Mimi na nyie sasa ni washirika."

Watu walipiga makofi. Wanawake wa upande wa kuosha matunda walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa na keki mdomoni, nikaendelea kutafuna.

Mshauri alisimama kufafanua. Kila mmoja angekwenda kuchukua namba ya mlipakodi. Kila mmoja angesaini mkataba wa kutoa huduma. Kampuni ingekata kodi ya zuio kidogo tu, basi, hakuna tena michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii wala makato mengine. "Hela yenu yote mkononi," alisema, akafunga ngumi hewani kama anayeshika nzi.

Mzee mmoja wa kupakia magari aliuliza, "Na likizo?"

"Mfanyabiashara anajipa likizo mwenyewe."

Watu wakacheka.

"Na nikiangukiwa na boksi?"

"Mfanyabiashara anajikatia bima, mzee wangu."

Wakacheka tena, mzee naye akacheka, kwa aibu. Jirani yangu kwenye benchi hakucheka. Huyu alikuwa mchambuzi kwenye mkanda wetu, Mnyakyusa wa Rungwe, mwenye mikono myepesi kuliko wote pale. Tulikuwa marafiki, aliniita dada ingawa tulilingana umri. Alikuwa na mimba changa, na pale kiwandani ni mimi peke yangu niliyejua. Aliiweka soda yake chini bila kuifungua.

Tulisaini. Lazima niliseme hivyo hivyo lilivyo: asiyesaini asingeingia getini.

Jumatatu iliyofuata tukaanza biashara zetu. Mashine ya kidole pale mlangoni ilikuwa ileile, ukichelewa, unakatwa. Msimamizi alikuwa yuleyule, na sauti ileile. Kengele ya chai ilikuwa ileile. Ukitaka kwenda chooni unanyoosha mkono kama mtoto wa chekechea, unangoja aitikie kwa kichwa. Mabadiliko yalikuwa mawili. La kwanza, aproni na mabuti tuliyokuwa tukipewa sasa tulinunua, tena dukani kwa Mama mwenyewe, maana ya nje "hayana viwango." La pili lilitukera zaidi tulipolielewa. Zamani mshahara wetu ulikuwa mdogo mno, haukufika hata kiwango cha kukatwa kodi. Sasa tulipogeuzwa wafanyabiashara kila malipo yalikatwa ile kodi ya zuio. Yaani tulianza kulipa kodi siku tuliyopoteza likizo.

Wiki hiyohiyo chumba cha baridi kiliharibika. Akaja fundi wa umeme kutoka Mwanjelwa, na gari lake, vifaa vyake, na msaidizi aliyemlipa yeye. Mama alimtaka arudi Jumapili amalizie.

"Jumapili nasali, Mama," fundi alijibu akifunga boksi lake. "Jumatatu nipo Uyole kwa mteja mwingine. Nitakuja Jumanne. Kama ni haraka, tafuta mwingine."

Mama alimeza mate akasema sawa, Jumanne. Fundi alipopita kwenye mkanda wetu nilimwambia kwamba na sisi siku hizi ni kama yeye, tunajitegemea.

Alisimama akatutazama, na vikofia vyetu vya nyavu. "Hongereni. Bei yenu mnampangia shilingi ngapi?"

Tuliinamia parachichi zetu. Alidhani tumeona swali lake ni la kijeuri, akaomba radhi, akaenda zake.

Mimba ya rafiki yangu ilikua ikaonekana. Alisimama kwenye ule mkanda miguu imevimba hadi mabuti yakawa hayaingii, akawa anavaa makubazi ya mume wake. Alipokaribia kujifungua alimfuata msimamizi kuomba likizo ya uzazi. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Likizo gani?" msimamizi alimuuliza. "Wewe si mfanyabiashara? Funga duka lako, ukazae, ufungue ukirudi."

"Na malipo?"

"Duka likifungwa linauza?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa utani, akitafuta macho ya wengine ili wacheke naye, na wapo waliocheka. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kile kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina zaidi ya kinyaa. Hasira naijua, inapanda na kushuka. Hiki kilikaa kooni kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda.

Alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Nilikwenda kumwona hospitali siku ya pili, na nikiwa pale Mama akaingia, marashi yake yakijaa wodi nzima, na doti ya khanga, sukari, sabuni na msichana wa ofisini wa kumpiga picha. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama yake, mwanamke aliyekuwa hata hawezi kugeuka ubavu kwa maumivu, akambeba, akaangalia kamera. Akasema apigwe tena, ile ya kwanza alikuwa amefumba macho.

"Ndaga, Mama," rafiki yangu alishukuru, kwa Kinyakyusa, akitabasamu. Alishukuru kweli. Alikuwa mtu wa kushukuru.

Jioni picha ilikuwa kwenye kundi letu la simu: Mama na mtoto, na chini yake maneno, "Familia yetu imeongezeka." Watu walijaza mioyo na mikono ya maombi. Mimi niliweka simu kifudifudi mezani.

Kidonda cha upasuaji hakikuwa kimekauka vizuri alipoamua kurudi. Nyumbani kulikuwa na kipato cha mume tu, naye alikuwa Chunya kwenye machimbo, mwezi unapata, mwezi hupati. Alikuja asubuhi, mtoto amemwacha kwa jirani. Mashine ikakataa kidole chake. Mlinzi, mtu wa makamo ambaye tulizoea kumgawia ndizi, alitoka kibandani akiangalia chini.

"Dada, jina lako limetolewa. Yupo mwingine mahali pako."

"Nani kalitoa?"

"Mimi ni wa getini tu, dada yangu."

Aliniambia hayo jioni nyumbani kwake, akinyonyesha, bila kulia. Alichoniuliza ni kimoja: "Ile picha wameifuta?" Haikuwa imefutwa.

Pengine mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia mengi. Lakini kugeuzwa wafanyabiashara kulikuwa na mkia ambao yule mshauri hakutuambia. Tulianza kupata ujumbe wa simu kutoka ofisi ya kodi ukitukumbusha kwamba kama wafanyabiashara tunatakiwa kuwasilisha hesabu zetu za mwaka, na asiyewasilisha anapigwa faini. Wengi waliufuta. Mimi niliogopa. Nilimchukua rafiki yangu, mtoto mgongoni, tukaenda.

Tulipangiwa ofisa mmoja mtu mzima aliyekuwa na mafua makali. Kila sentensi mbili alipenga kamasi, akaomba samahani. Nilimweleza kwamba tumeambiwa tulete hesabu na hatujui tulete nini.

"Biashara yenu ni ipi, mama zangu?"

"Kuchambua parachichi."

"Mnanunua parachichi kwa wakulima?"

"Hapana. Ni za kampuni."

"Mnaziuza wapi?"

"Hatuuzi. Tunachambua."

Alishusha leso. "Mnachambulia nyumbani kwenu?"

Rafiki yangu alitaka kucheka. "Kiwandani, baba. Saa moja asubuhi unaweka kidole, unatoka jioni."

"Na mnachambulia kampuni ngapi?"

"Moja."

"Mngeamua leo mfanye kwingine, kesho mrudi?"

"Nani atufungulie geti?"

Ofisa aliangalia kwenye kompyuta yake muda mrefu, akafungua jina moja baada ya jingine. Kisha akajisemea, siyo kutuambia sisi, "Mbona wafanyabiashara wote hawa wana mteja mmoja?" Akatugeukia. "Mama zangu, nyie siyo wafanyabiashara. Mtu anayepangiwa saa, anayesimamiwa, anayetumia mashine za mwenye kazi, huyo ameajiriwa. Karatasi iandikwe vyovyote. Hapa mwajiri wenu ndiye anayetakiwa kuja, siyo nyie."

Hakutuahidi chochote. Alitupa maji ya kunywa, akatuambia twende nyumbani.

Baada ya muda Mama akapata habari kwamba wakaguzi wa kodi watamtembelea. Alituita tena kwenye banda la chakula. Safari hii hapakuwa na keki. Yule mshauri alitupanga kama kwaya: ukiulizwa unakuja saa ngapi, sema napenda kuja asubuhi. Ukiulizwa nani anakusimamia, sema najisimamia. Ukiulizwa vifaa, sema vyangu. Akamsimamisha mzee wa kupakia magari ajaribu.

"Unakuja saa ngapi, mzee?"

"Saa mo... nikipenda."

"Vizuri sana!"

Wakampigia makofi. Mzee yule ana wajukuu. Niliangalia pembeni.

Siku ya ukaguzi mashine ya kidole ilikuwa imeng'olewa. Ukutani palibaki mraba mweupe kuliko ukuta mwingine. Tuliamriwa tusivae aproni za kampuni, kila mtu aje na nguo zake, tuonekane tofauti tofauti. Msimamizi aliambiwa akakae kwenye gari la Mama na vioo apandishe. Mimi nilivaa gauni langu la kanisani, kwa sababu nguo zangu nyingine zilishachafuka na utomvu na sikuwa na ya kubadilisha. Tulionekana kama watu waliokutana stendi.

Wakaja watatu, na yule mwenye mafua akiwa mmojawapo, sasa amepona. Mama aliwatembeza. "Hawa ni wajasiriamali wangu," alisema, akimgusa huyu bega, yule shavu. "Wanakuja wanapotaka, wanaondoka wanapotaka. Mimi nawapa nafasi tu, kama mama."

Walimuuliza mzee. Akasema nikipenda. Wakamuuliza dada wa kuosha matunda. Akasema najisimamia. Wote walijibu wakiangalia sakafu, na Mama aliitikia kila jibu kwa kichwa, kama mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye watoto wake wamekariri aya.

Kisha kengele ya chai ikalia.

Walikumbuka kung'oa mashine. Kengele waliisahau. Ilipolia, mkanda ulisimama na sisi sote, watu wa kila rika na gauni la kila rangi, tukaacha tulichoshika kwa wakati mmoja, tukageuka, tukapanga mstari kuelekea mlangoni. Hakuna aliyefikiri. Mwili ulijipeleka wenyewe. Hata mimi, niliyekuja nimejiandaa kusema, nilijikuta kwenye mstari.

Wakaguzi walisimama na kutazama. Mama alisema kwa sauti, "Endeleeni na kazi! Nani kawaambia mtoke?" Mstari wote ukageuka, ukarudi kwenye mkanda.

Hakuna aliyecheka. Nimesimulia tukio hilo baadaye, Mbeya na Iringa, na watu hucheka mpaka machozi. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha. Kilichonishika siku ile ni kwamba tulirudi.

Yule ofisa alinijia. "Mama, wewe umevaa vizuri. Leo umeamua mwenyewe kuja saa ngapi?"

"Sikuamua," nilimwambia. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Naingia saa moja. Nikichelewa nakatwa. Ile alama nyeupe ukutani ndipo mashine ya kidole inapokaa. Msimamizi yupo kwenye lile gari. Na dada aliyekuwa anasimama hapa, alizaa, akafukuzwa."

Mama alinitazama. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalijaa machozi, ya kweli kabisa, kama mtu aliyeumizwa na mwanawe.

Kiwanda kilitangazwa kuwa mwajiri, na kikatakiwa kulipa kodi na tozo zote ambazo mwajiri hulipa, pamoja na za nyuma. Michango ya hifadhi ya jamii ikarudishwa. Ungedhani watu wangefurahi. Mama aliita kikao akalia mbele ya wote. Alisema ameuzwa na watoto wake, na kwa gharama hizo itabidi apunguze watu. Dada wa kuosha matunda alinijia akiwa amefura: "Umefaidika nini sasa? Tulikuwa tunakula!" Ni huyohuyo ambaye jina lake lilirudishwa kwenye mfuko ili siku moja apate pensheni. Wiki ile hakuna aliyekaa benchi langu wakati wa chakula isipokuwa mzee wa kupakia, naye alikaa, akaninyanyulia kikombe cha chai kilipoanguka.

Rafiki yangu naye alifungua shauri kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nilimsindikiza kama shahidi. Wakili wa Mama alikuja na ule mkataba wa huduma na nakala ya namba ya mlipakodi.

"Mheshimiwa," alimwambia msuluhishi, mwanamama mmoja mnene mtaratibu, "ni kweli kwa mambo ya kodi wamehesabiwa kuwa waajiriwa, na mteja wangu amelipa. Lakini kwa mambo ya likizo ya uzazi, huyu alikuwa mfanyabiashara."

Msuluhishi aliweka kalamu chini. "Wakili, huyu mama ana miili mingapi?"

"Sijakuelewa, mheshimiwa."

"Mwili ulioajiriwa ni upi, na uliozaa ni upi?"

Wakili alifungua faili lake, akalifunga. Hakuona haya. Nilimwangalia vizuri kutafuta haya usoni mwake, hakuwa nayo. Alikuwa anafikiria chakula cha mchana. Mwishoni walikubaliana: kampuni impe malipo yake ya uzazi na fidia ya kuachishwa. Walimpa pia nafasi ya kurudi kazini. Alisema hapana, ahsante. Aliondoka na mwanawe kwenda kwao Rungwe, akafungua genge la kweli la mboga, na huwa tunapigiana simu Jumapili.

Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Nilirudi kwetu Ilula, Iringa, kwa mama yangu mzazi, ambaye alinipokea kwa salamu moja ya Kihehe, "Kamwene," kama niliyetoka kisimani, akanionyesha jembe. Sasa nalima nyanya na nauza barabarani kama wengine, kwenye ndoo, kwa wasafiri wa mabasi na magari madogo. Mvua ikinyesha nalowa, soko likianguka naanguka nalo. Sijidanganyi kwamba ni maisha mepesi.

Mwaka jana gari kubwa jeusi lilisimama mbele ya meza yetu, likielekea Dar es Salaam. Kioo kikashuka. Alikuwa Mama, na msichana yule wa ofisini pembeni.

"Mwanangu!" alisema, akashuka akiwa amefungua mikono. Nilishika ndoo ya nyanya kwa mikono miwili ili asinikumbatie. "Kumbe upo huku! Unaona sasa? Si niliwaambia mna uwezo wa kujitegemea? Mimi siweki kitu moyoni. Ndoo shilingi ngapi?"

Nilimtajia.

"Na mama yako unamfanyia ngapi?"

"Bei ni hiyo."

Alicheka, akalipa. Kisha akamwita msichana atoe simu. Alitaka picha, mimi na yeye na nyanya, aiweke kwenye ukurasa wake anakowatia moyo wanawake.

"Picha sipigi," nilisema.

"Moja tu, mwanangu."

"Sipigi."

Tabasamu lake halikutikisika. Alisogea hatua chache hadi meza ya jirani yangu, binti mgeni aliyeolewa kijijini kwetu mwaka uleule, akamshika kiuno. Msichana akapiga. Mama akaomba irudiwe, nywele zilikuwa zimepeperuka. Jirani yangu alitabasamu picha zote mbili, kwa meno yote, maana hakumjua. Gari lilipoondoka alinigeukia amejaa furaha.

"Shoga, yule mama ana roho nzuri jamani. Mnajuana?"

"Nilimfanyia kazi," nilimjibu, nikaanza kuzipanga upya nyanya zangu.